Baba wa Ukoo na Sindano ya Mwezi

Avokado lililokomaa lakini halijaiva lina ubishi kama wa msuli wa mtu mzima. Hilo nililijua kabla sijamgusa mgonjwa yeyote. Tuliyanunua soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, tukayapanga kwenye dirisha la hosteli, na kila jioni nilikuwa nayadunga kwa sirinji yenye maji, sindano imesimama wima, mkono wa kushoto umevuta ganda kando kana kwamba ni ngozi. Mwenzangu wa chumbani, msichana wa Keroka mwenye maneno mengi kuliko stendi ya kwao, alikuwa akilala kitandani na kunitazama.

"Wewe hutaolewa na mtu," aliniambia. "Wewe utaolewa na hiyo avokado."

"Ikitoa ng'ombe, kwa nini nisiolewe nayo?"

Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri. Mimi si mtu wa masomo makubwa. Alama zangu za kidato cha nne zilikuwa za kubembelezwa, na baada ya hapo nilichuma chai na mama kwetu Nyamira, kikapu mgongoni, umande hadi kiunoni, mpaka nafasi ya cheti cha uuguzi ilipopatikana. Wenzangu waliposikia kwamba zamu inayofuata ni kliniki ya afya ya akili, nusu yao walianza kutafuta sababu za kuugua. Mimi nilipiga pasi sare yangu mara mbili.

Ninajua furaha hiyo ilitoka wapi. Kule kwetu kulikuwa na mama mmoja jirani ambaye nilimjua nikiwa mdogo kama mtu wa kufungwa kamba. Tulikatazwa kupita karibu na jiko lao. Halafu siku moja akapelekwa hospitali, akakaa, na aliporudi alikuja kuchuma chai kwenye mstari mmoja na mama yangu. Alikuwa na mikono ya haraka na sauti nzuri ya kuimba, na alinipa nusu ya kiazi chake kitamu kana kwamba hakuna lililowahi kutokea. Nilimuuliza mama walimfanya nini huko. Mama akasema, "Walimpa dawa." Basi. Neno hilo moja lilinikaa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiota nyumba ndogo kando ya barabara ya kwetu, mlango wa kijani, ambapo mtu aliyevurugika akili anapokelewa na kikombe cha chai kabla ya kuulizwa chochote. Nikimweleza mwenzangu wa Keroka, yeye huuliza, "Na maziwa ya hiyo chai atatoa nani?"

Majina ya dawa yalinisumbua mwanzoni. Nikayatia sauti kama ninavyofanya kwenye kwaya, nikawa ninayaimba nikifua nguo. Haloperidol humtuliza mtu anayesikia sauti, lakini yaweza kumkaza shingo mpaka atazame dari bila kutaka. Hapo ndipo benzhexol inapokuja kumlegeza. Lithium haipendi mtu akae bila maji, kwa hiyo kwetu huku, ambako watu hufunga na kuomba, ni lazima umuulize mgonjwa kama kanisani kuna mfungo wiki hiyo. Hili la mfungo mwalimu wetu alilirudia sana. Na ile niliyoipenda kuliko zote ilikuwa fluphenazine, sindano ya mwezi. Ni dawa iliyotiwa ndani ya mafuta ya ufuta. Ukiidunga ndani ya msuli mkubwa wa tako, inakaa pale na kutoka polepole kwa wiki kadhaa, na mtu hahitaji kukumbuka vidonge kila siku. Mafuta ya ufuta! Nilipolisikia hilo darasani nilicheka kwa sauti, wote wakanigeukia.

Inchaji wa kliniki, yaani muuguzi msimamizi, alikuwa mama wa kutoka Ukambani, mfupi, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Alikuwa amekaa Kisii miaka mingi, lakini Ekegusii chake kiliishia kwenye salamu ya asubuhi. Aliniita "mtoto wa chai."

"Leo, mtoto wa chai," aliniambia Jumanne hiyo, "utadunga mwenyewe. Mimi nitasimama nyuma yako kama mlingoti."

Nilitaka kuruka. Kaka muuguzi aliyezoea kuwadunga wanaume alikuwa ameenda likizo, na foleni ilikuwa imefika kwenye ukuta wa maabara. Inchaji akanikumbusha sheria yake: usimkimbilie mgonjwa na sindano. Ongea naye kwanza. Muulize habari za kwake, ongea naye mpaka uone mabega yake yameshuka. Ndipo uanze.

Mgonjwa wangu wa kwanza aliingia na mkewe. Alikuwa mzee mrefu mwembamba wa upande wa Kiogoro, mkulima wa ndizi, koti limefungwa vifungo vyote, gambuti zimeoshwa mpaka zinang'aa. Kadi yake ya kliniki ilikuwa ndani ya karatasi ya nailoni ya mkate. Mkewe, mama mnene mwenye kikapu na kicheko cha karibu, hakungoja kuulizwa.

"Sista, msicheleweshe huyu. Jumapili ijayo wakwe wanakuja."

"Hongera!" inchaji akasema. "Ni msichana yupi?"

"Wa pili. Wa kwanza alipoombwa, huyu bwana alikuwa mgonjwa." Mama akapunguza sauti, ingawa mumewe alikuwa amekaa hatua moja kutoka kwake. "Alikaa jikoni nyuma ya nyumba. Mdogo wake ndiye aliyekaa mbele na kuongea kama baba."

Mzee akainua kichwa. "Safari hii nitakaa mwenyewe," alisema. Hakusema zaidi.

Inchaji akanivuta pembeni kidogo, akanionyesha tarehe kwenye kadi. Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Wakati mmoja mzee alichelewa kurudi, akanieleza, na haikupita muda akaanza kusikia watu wakimwita kutoka barabarani. Akaondoka nyumbani bila viatu. "Jumapili iko karibu," alisema. "Unaelewa?"

Nilielewa. Nilimtazama yule mzee, mikono yake miwili juu ya magoti, na moyo wangu ukamwendea wote. Nikasema kimoyomoyo kwamba huyu atakaa kwenye kiti chake Jumapili, na mimi nitakuwa nimechangia.

Nikachukua kichupa cha dawa, nikakifumbata kiganjani kama tulivyofundishwa ili mafuta yapate joto na kushuka vizuri kwenye sindano. Nikavuta kiti karibu na mzee. Kisha nikakiweka Kiswahili kando, nikamsalimu kwa lugha ya nyumbani.

Uso wake ulifunguka! Hapo hospitalini kila mtu alikuwa akimsemesha Kiswahili cha haraka. Akanijibu vizuri, akaniuliza mimi ni wa wapi. Nikamwambia Nyamira. Nyamira upande gani? Nikamwambia. Akasema basi ni lazima niwe wa ukoo fulani, ambao ndio wake. Nikasema ndiyo, huo huo. Akasogeza kiti. Mimi nami nikanogewa, nikauliza babu yake alihama kutoka mlima gani. Akanitajia, na ulikuwa mlima ule ule ambao babu yangu mzaa baba alikuwa akiusimulia. Mabega yake yalikuwa yameshuka kabisa. Ningeweza kuwaita wanafunzi wote wa Kenya waje kuona jinsi urafiki na mgonjwa unavyojengwa.

"Kwa hiyo wewe na baba yangu ni ndugu!" nilisema, karibu nipige makofi. "Kumbe wewe ni tata!"

Yaani baba. Nilimwita baba.

Mabega yakapanda.

Mimi, kwa furaha, sikuyaona vizuri. Nikamwongoza nyuma ya pazia, nikapangusa mikono kwa spiriti, nikavaa glavu. "Legeza mkanda kidogo tu, tata," nikasema. Hakuulegeza. "Tata, ni kidogo tu." Mzee alikuwa ameshika mkanda wake kwa mikono yote miwili, uso ameuelekeza ukutani. Kisha akachukua kofia yake kwenye msumari, akaivaa, akapita kando yangu bila kunigusa hata kwa upindo wa koti, akatoka nje.

Inchaji akafunua pazia. "Umemfanya nini mzee wangu?"

"Nimemsalimu tu."

"Umemsalimu mpaka amekimbia?"

Hapo ndipo nilipoelewa, nikahisi masikio yakiwaka moto. Chinsoni, miiko yetu. Sisi tumezaliwa ndani yake, hakuna anayetufundisha kwa maneno. Baba na binti yake wana aibu ya heshima kati yao kama ua wa michongoma. Baba yangu mwenyewe hukohoa kutoka mbali akikaribia mahali ninapooga. Sijawahi kuuona mgongo wake ukiwa wazi. Akiugua, ni kaka zangu wanaomwosha. Mambo ya mwili wake sitakiwi kuyajua, na yeye hatakiwi kujua kwamba ninayajua. Na baba wa ukoo ni baba. Angenikuta kama msichana tu wa sare ya buluu, ningemdunga na akaenda zake. Lakini mimi nilikuwa nimechimba ukoo mpaka nikajifanya binti yake, kisha nikamwambia afungue mkanda.

Nilimweleza inchaji. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Mimi si ndugu yake. Nitamdunga mimi."

Akatoka. Nikamfuata nyuma kidogo, kichupa bado ndani ya ngumi yangu. Mzee alikuwa amesimama karibu na mabomba ya maji, ametupa mgongo. Inchaji alimsemesha kwa upole, nikamsikia mzee akijibu kwa Kiswahili safi cha heshima.

"Asante sana, sista. Nitarudi mwezi ujao, yule kijana akiwa amerudi."

"Mzee, Jumapili una wageni."

"Ninajua."

"Basi chomwa kwenye mkono, mbona ni rahisi?"

Mzee akavuta mkono wa koti akamwonyesha. Ulikuwa mkono wa mfupa na mishipa. Inchaji mwenyewe akatikisa kichwa. Dawa ile ya mafuta inataka nyama. Na nadhani hata kama ungekuwa mkono wa mpiga ndondi, angekataa. Kumbe shida haikuwa sindano pekee tena. Mle chumbani kulikuwa na binti yake aliyejua anakuja kutibiwa nini.

Inchaji alirudi, akasimama mbele yangu. Haiwezekani kumlazimisha mtu mwenye akili timamu, alisema, na leo ana akili timamu kuliko sisi wawili. "Mimi nina watu kwenye foleni. Mlango huu umeufunga kwa salamu. Nenda ukatafute salamu nyingine."

Mkewe alikuwa amekaa kwenye benchi, amekumbatia kikapu. Kicheko kilikuwa kimemtoka. Nilikaa kando yake.

"Mtoto wewe," alisema bila kunitazama, "ungesoma tu jina kwenye kadi ukanyamaza."

"Mama, nisamehe. Nilifurahi."

"Nimeona ulivyofurahi. Hata mimi nilifurahi, nikasema tumepata mtu wetu humu." Akapumua. "Amenunua shati. Amelijaribu kila jioni wiki hii yote, anasimama mbele ya kioo cha kabati kama bwana harusi. Sasa akianza tena kusikia wale wa barabarani, si atarudishwa jikoni? Na yule mdogo wake anapenda kuongea, asikudanganye mtu."

Nilitamani kulia lakini nikaona kulia hakutasaidia Jumapili. Akaniuliza, kama mama yeyote wa kwetu angeuliza ili kuanzisha maongezi, mama yangu alizaliwa wapi. Nikamjibu. Na mama yake mama?

"Nyanya yangu alizaliwa upande wa Suneka," nikasema. "Boma lililo juu ya chemchemi, kwenye mikaratusi."

Kikapu kikatulia. "Chemchemi gani?"

"Ile ambayo njia yake ina mawe mekundu."

"Mtoto, mimi nimezaliwa boma hilo." Akanigeukia mzima mzima. "Nyanya yako ana pengo mbele hapa?"

"Siku hizi ni pengo lote."

"Ana kovu?"

"Sijui... kidevuni?"

"Uliza! Uliza sasa hivi!"

Nilitoa simu, nikampigia mama. Nilisikia kelele za wanawake na mizani kabla ya sauti yake. Alikuwa kwenye kituo cha kuuzia majani chai, kwenye foleni. Nikaweka spika.

"Mama, nyanya ana kovu kidevuni?"

"Umekosa kazi huko?"

"Nambie tu. Lilitoka wapi?"

"Nani anauliza?"

"Siwezi kusema, mama. Ni mambo ya kazi."

"Kovu la mama yangu ni mambo ya kazi ya hospitali?" Nikasikia akiwaambia wenzake, "Huyu mtoto tumempeleka akasome, sasa anauliza makovu." Wanawake wakaangua kicheko. Kisha akasema, "Aliangukia jembe akiwa msichana. Alikuwa akikimbizwa na kondoo dume. Mtoto fulani mtukutu pale kwao alimfungua makusudi."

Mama aliyekuwa kando yangu alijipiga paja. Akanipokonya simu, akaifunika kwa kiganja, macho yamemtoka.

"Huyo kondoo nilimfungua mimi!"

Nikarudishiwa simu, nikamwambia mama asante, nitakupigia baadaye, nikakata huku bado akiuliza nani huyo anayepiga kelele. Sikumwambia wakati huo wala hadi leo. Siri ya mgonjwa ni siri, hata kama imeingiliana na kondoo wa nyanya yako.

Baba yake na baba wa nyanya yangu walikuwa ndugu wa tumbo moja, akanieleza mbio mbio. Nyanya yangu alikuwa dada yake mkubwa, ndiye aliyembeba mgongoni. Kwa hiyo yeye ni nyanya yangu, bila shaka yoyote. Na mume wa nyanya ni nani?

Tuliangaliana. Ni babu. Kwetu, ua ule wa michongoma uko kati ya baba na mtoto peke yao. Babu na mjukuu hawana ua. Hao hutaniana, hutukanana kwa upendo, huchekeana miili. Babu humwita mjukuu wake wa kike mke wangu, na mjukuu humwambia babu amezeeka vibaya. Hakuna cha kuficha.

Mama akasimama na kikapu chake, akaita kuelekea kwenye mabomba, kwa sauti ya mtu anayefukuza ndege shambani.

"Wewe! Njoo hapa! Huyu si binti yako. Huyu ni omochokoro wako!"

Mjukuu. Mzee akageuka nusu. "Ukoo ni wa baba," alijibu. "Mimi na baba yake ni ndugu."

"Na mimi ni nyanya yake. Nyanya hulala nyumba moja na nani, na jirani?"

Watu wawili watatu kwenye foleni walicheka. Mzee akaja polepole, kofia mkononi. Mkewe akamwagia habari yote, chemchemi, kovu, jembe, kondoo. Alipofika kwa kondoo, mzee akamtazama mkewe: "Kumbe ulianza zamani." Kisha akanitazama mimi, na nikaona kwamba hajaamua. Damu ya baba yangu ilikuwa upande mmoja, mkewe upande wa pili, na yeye katikati na Jumapili yake.

Akakohoa. Akasema, kwa sauti ya kujaribu mti kama utabeba:

"Kama kweli ni mjukuu, basi afungashe nguo. Huyu mzee wa kike nitamfukuza leo, yeye aje anipikie."

Ulikuwa mtihani, na wote watatu tulijua. Binti akisikia maneno kama hayo kutoka kwa baba, hufunika uso na kuondoka. Mjukuu ni lazima ajibu, na ajibu kwa ubaya. Nikiinamisha macho, basi mimi ni binti na yeye anaondoka. Na maisha yangu yote nimelelewa kuinamisha macho mbele ya wazee! Nikafikiria shati kwenye kioo cha kabati, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Nikupikie nini, na meno yenyewe mawili? Halafu mimi siolewi na mwanamume anayekimbia kitu kidogo kama mwiba. Wakwe wakija Jumapili utawapokea ukiwa chini ya kitanda?"

Mara tu neno hilo lilipotoka nilitaka kulirudisha. Nilikuwa nimegusa mahali penyewe panapouma. Mkewe aliacha kupumua.

Mzee akafungua kinywa, na meno yalikuwa zaidi ya mawili, akacheka. Alicheka akiwa ameshika goti, akacheka mpaka kofia ikaanguka, na mkewe naye akashika bega langu akacheka na machozi juu yake.

"Huyu ni wa kwenu," mzee alimwambia mkewe. "Mdomo ni ule ule." Kisha akanielekezea kidole. "Lakini sikiliza. Tukikutana matangani, kwa watu wa ukoo, mimi ni tata wako, na utaniheshimu. Humu hospitalini tu, mimi ni babu."

"Nimekubali, babu."

"Haya. Twende ukanichome, mwanamke mkali wewe."

Inchaji alipotuona tukiingia kwa vicheko alishusha miwani. Nikamweleza kwa ufupi: huko nje, kwa ukoo, mimi ni binti, humu ndani ni mjukuu. Akasema, "Nyinyi Wakisii mna ofisi mbili kwa mtu mmoja," akaenda kusimama nyuma yangu kama mlingoti.

Nilivuta dawa. Mafuta yale ya manjano yalipanda kwenye sirinji bila haraka, mazito, mazuri. Nikapima mahali, nikapangusa, nikavuta ngozi kando ili dawa isije ikarudi nje, nikadunga. Nikasukuma polepole, polepole sana, na muda wote mzee alikuwa akitania ukutani kwamba mkono wangu ni wa kukamua ng'ombe. Ilikuwa tofauti na avokado. Ilikuwa na joto.

"Utaanza lini?" aliuliza.

"Nimemaliza zamani."

Inchaji alinigusa mgongoni kwa kidole kimoja. Kwake hiyo ni tuzo.

Kisha, akifunga mkanda, nikamuuliza yale maswali ambayo lazima yaulizwe: usingizi, shingo, mate, mwendo. Kwenye kadi, mwezi baada ya mwezi, iliandikwa "hana shida." Mzee alimaliza kufunga mkanda. Kisha akanyoosha mkono wake wa kulia mbele yangu, wazi. Ulitetemeka, mtetemo mdogo wa haraka, kama jani linalopigwa na matone ya mvua.

"Hii sijawahi kumwambia yule kijana," alisema. "Nitamwambiaje mtoto wa kiume kwamba mkono wangu una woga? Lakini wewe ni mjukuu, hata ukicheka si kitu. Jumapili watanipa kikombe. Kikombe kitacheza mbele ya wakwe. Watasema, tazama, bado."

Sikucheka. Nilimwambia si woga, ni dawa; ile ile inayonyamazisha wale wa barabarani ndiyo inayotikisa mkono, na kuna kidonge cha kuutuliza. Nilikuwa ninasema kile nilichoimba nikifua nguo, na hapo mbele yangu kilikuwa kikimwangukia mtu halisi kama mvua kwenye shamba. Inchaji akamwita daktari wa kliniki kutoka chumba cha pili. Daktari akamkagua mzee, akamkunjisha viwiko, akamtembeza mpaka mlangoni na kurudi, akamwandikia benzhexol, asubuhi na mchana, akamweleza kwamba mdomo unaweza kukauka. "Ukikauka kunywa maji," nikaongeza, "ila usinywe mbele ya wakwe mpaka wao wamalize kuongea." Mkewe akasema sasa nimezidi.

Jumapili hiyo sikutulia. Nilienda kanisani, nikaimba, nikarudi, nikapika mboga za chinsaga na ugali wa wimbi, na kila mara nilikuwa nikitazama upande wa Kiogoro kana kwamba moshi ungenipa habari. Mwenzangu wa Keroka aliniuliza ninamngoja nani. Nikamwambia simngoji mtu. Akasema macho yangu yanangoja.

Sikuwa na namba yao, na hata ningekuwa nayo nisingeipiga. Hivyo nilingoja. Zamu yangu kliniki ilikuwa ikikaribia mwisho nilipoona gambuti zile safi zikiingia langoni, tarehe ile ile ya kadi, si siku moja baadaye. Alikuwa amevaa shati jipya, la buluu, na koti wazi. Kaka muuguzi alikuwa amerudi kutoka likizo. Akamwita mzee, naye akampungia mkono. "Mimi nina mtu wangu."

Nilishindwa kungoja. "Babu, ilikuwaje?"

Akakaa kwanza. Akavuta suruali magotini. Mkewe alikuwa anatetemeka kwa hamu ya kusimulia, lakini akaweka kiganja mdomoni, akamwachia.

"Walikuja na kelele nyingi," mzee alianza. "Mdogo wangu alikuwa ameshaanza kukohoa, unajua anavyokohoa akitaka kuongea. Nikamtazama tu. Akanywa chai yake."

"Na wewe kikombe?"

"Kikombe nilikishika. Kilicheza kidogo, ndiyo. Hakuna aliyekitazama, walikuwa wanatazama mdomo wangu." Akainama karibu nami, na sauti yake ikawa ya chini, ya mtu anayeonyesha kitu alichokificha kwenye ngumi. "Wakasema yao. Ng'ombe wao, maneno yao matamu. Walipomaliza nyumba nzima ilinyamaza, wazee, kaka zangu, wale wakwe, hata wanawake kule jikoni nikawasikia wameacha kusukuma sufuria. Wote wakanigeukia. Mimi."

"Ukasemaje?"

"Nikasema hapana!"

Alipiga goti lake. "Wakitaja ng'ombe mara ya kwanza ni lazima ukatae," alisema, na uso wake wote ulikuwa unacheka, "lakini mimi sikukataa kwa desturi tu. Nilikataa kwa sababu nilikuwa nimepewa nafasi ya kukataa. Ee, mjukuu wangu! Wakarudi nyuma wakashauriana, jua likashuka wakiwa bado wanashauriana, na mimi nimekaa, nimekunja mguu, ninawangoja."